Gundi ya Nyika, Maziwa ya Mlima

Milima ya Upare Kusini imeigawa wilaya ya Same katika nchi mbili zisizofanana. Juu, kuanzia Mamba hadi mlima Shengena, ambao kilele chake kinazidi mita 2,400, kuna ukungu, mifereji, migomba na mashamba ya tangawizi. Chini, upande wa mashariki, kuna nyika ya Mkomazi: migunga, mibuyu, vumbi jekundu na njia za mifugo, nchi inayoendelea hadi Tsavo ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Mlima hauna gundi, na nyika haioti tangawizi. Maziwa yako kote.

Vitu hivi vitatu vina historia inayowaunganisha watu wa mbali sana: wachungaji wa Sahel, wanakili wa Qurani, wakemia wa Uholanzi, wenye viwanda wa Marekani na wanawake wanaolima mwani Paje, Zanzibar. Kinachowaunganisha ni tabia moja ya maumbile. Gundi ya mmea na protini vikiyeyushwa katika maji yale yale, uchachu wa maji hayo ndio unaoamua kama vitakaa kila kimoja peke yake au vitashikana. Vitabu vya shule vikifikia jambo hili hulitaja kama uvumbuzi wa maabara za Ulaya za karne ya 20. Mimi naamini ni la kale zaidi ya hapo, na kwamba sehemu kubwa ya malighafi yake, pamoja na ufundi wake wa mwanzo, vimetoka katika nchi zetu.

Tuanze na kibuyu cha maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana kipimo cha pH cha karibu 6.7, yaani uchachu kidogo mno usioonjeka. Karibu asilimia 80 ya protini yake ni kaseini, na kaseini haielei moja moja. Imejikusanya katika vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kidonge kikiwa na chaji hasi. Chaji za aina moja hufukuzana, kwa hiyo vidonge hivyo havigusani na maziwa hubaki kimiminika. Bakteria waliomo katika kibuyu wanapokula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, chaji hiyo hupungua saa hadi saa. pH ikifika karibu 4.6 chaji hasi na chaji chanya za kaseini huwa sawasawa, kufukuzana kunakwisha, vidonge vinashikana, na asubuhi mama anakuta mtindi. Wafugaji wa nyika ya Mkomazi, kama wafugaji wote wa Afrika Mashariki, waliijua hatua hiyo kwa harufu, kwa uzito wa kibuyu kinapotikiswa na kwa jinsi maziwa yanavyoacha utando kwenye ukuta wake. Walikifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti walioupenda, wakabakiza maziwa ya jana kidogo ili yawe mbegu ya maziwa ya leo, na wakajua siku ya joto kali inafupisha kazi. Huo ni udhibiti wa uchachu, na ulikuwapo karne nyingi kabla haujapata kipimo.

Hapo lakini protini inashikana na protini mwenzake. Gundi inaingia pale mtu anapotia kitu cha mmea ndani ya maziwa, na katika nchi kame kitu hicho kilikuwa ubuyu. Unga mweupe unaozunguka mbegu za mbuyu ni mchachu kwelikweli. Uji wake una pH ya karibu 3.3, kwa sababu ya asidi zilezile zinazopatikana katika ndimu na zabibu. Unga huo pia una pektini nyingi, ambayo ni gundi ya ukuta wa seli za mmea. Kwa hiyo anayekoroga ubuyu katika maziwa anafanya mambo mawili kwa mkono mmoja: anateremsha pH, na wakati huohuo anatia gundi yenye chaji hasi. Kaseini inapopoteza chaji yake na kuanza kutafuta mwenzake, inakutana na pektini. Pektini ikiwa ya kutosha hujiviringisha juu ya vidonge vya kaseini na kuvitenga, na kinywaji kinabaki kizito na laini. Ikiwa chache, maziwa yanaganda mabonge. Wafugaji wa Kifulani wa Afrika Magharibi wamechanganya ubuyu na maziwa kwa vizazi vingi, na kwetu ubuyu katika uji na maziwa ni jambo la kawaida katika mikoa ya kati. Kiwanda cha kisasa kinachotengeneza mtindi wa kunywa usiojitenga hufanya kazi hiyohiyo kwa pektini iliyosafishwa kutoka maganda ya machungwa na makapi ya matofaa, na kwenye kifungashio inaandikwa E440. Mfaransa Henri Braconnot aliieleza pektini kwa kalamu mwaka 1825. Kuitumia pamoja na maziwa kulikuwapo zamani.

Mfano wa pili wa jikoni unakwenda upande wa pili wa kipimo. Mlenda, uwe wa majani au wa bamia, una utelezi unaotokana na gundi ya mmea yenye chaji hasi. Mpishi wa Dodoma au Singida hutia magadi kidogo sufuriani. Magadi ni alkali, huondoa uchachu. Gundi inapata chaji zaidi, nyuzi zake zinasukumana na kujinyoosha, na mchuzi unavutika. Mpishi wa pwani asiyependa utelezi hukamulia ndimu juu ya bamia, na uchachu unapoongezeka chaji inapungua, nyuzi zinajikunja, utelezi unashuka. Wapishi hawa wawili hawajawahi kukutana, na kila mmoja anajua nusu ya kanuni. Mwanafunzi wa kemia akiwaangalia wote wawili kwa makini, ataiona kanuni nzima.

Gundi yenyewe, ile ya kuuzwa, ina historia ya biashara iliyo ndefu kuliko ya karafuu. Inatoka hasa katika mgunga ambao wataalamu waliuita Acacia senegal, na siku hizi Senegalia senegal, mti unaoota kutoka Senegali hadi Sudan, Ethiopia, Kenya na Tanzania, ukiwamo ukanda wa nyika chini ya milima ya Upare. Wakati wa kiangazi, mti ukiwa umepukutisha majani, mkusanyaji huchanja gome na kubandua utepe mwembamba. Mti uliojeruhiwa katika ukame hutoa matone yenye rangi ya asali, nayo hukauka na kuchumwa baada ya wiki kadhaa. Wamisri wa kale waliitumia kushikiza rangi na bandeji za maiti. Katika nchi za Kiislamu wanakili waliichanganya na masizi kutengeneza wino: gundi huzizunguka chembe za masizi na kuzizuia zisitue chini ya kidau. Siyu, kisiwani Pate, ilikuwa mji mashuhuri wa kunakili Qurani katika karne za 18 na 19. Hapa naomba msomaji asiichanganye gundi na sandarusi, ile iliyochimbwa mrima na kuifanya Zanzibar ijulikane kwa watengeneza vanishi wa Ulaya na Marekani. Sandarusi ni utomvu usioyeyuka katika maji. Gundi ya mgunga huyeyuka katika maji hata nusu kwa nusu, na hiyo ndiyo sababu inaweza kukutana na protini.

Ulaya iliigombania. Katika karne ya 18 Waholanzi, Wafaransa na Waingereza walipigania vituo vya pwani ya Mauritania na mto Senegali kwa sababu viwanda vya nguo vilivyochapwa maua vilihitaji gundi ya kuzuia rangi isitambae. Baadaye uzito wa biashara ukahamia Kordofan, na hadi leo Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote. Mwaka 1997 Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara, gundi ilipewa msamaha, maana viwanda vya soda na peremende havikuwa na kitu cha kushika nafasi yake. Wauza soda wanaihitaji kwa sababu ya siri iliyomo ndani ya gundi: karibu asilimia 2 yake ni protini, na protini hiyo imefungamana na sukari za gundi moja kwa moja. Upande wa protini hushika mafuta ya ganda la limau, upande wa sukari hushika maji, na harufu ya limau inabaki imetawanyika ndani ya soda isielee juu. Mti wenyewe, basi, uliviunganisha protini na gundi kabla ya mtu yeyote.

Upare ulikuwa pembezoni mwa biashara hiyo, ingawa njia zake zilipita karibu. Misafara ya pembe iliyotoka Pangani na Tanga kwenda Kilimanjaro na Umaasai ilipita chini ya milima hii. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda hadi Mamba na kuanzisha kituo cha Giti, walichokiita Friedenstal, kituo cha kwanza cha Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jambo hilo lina uzito katika habari yetu kuliko linavyoonekana, na nitalirudia. Mwaka 1911 reli ya Usambara ilifika Moshi baada ya kupita Mkomazi na Same. Katani, ngozi na kahawa zikaanza kuteremka kwenda Tanga kwa treni.

Mwaka huohuo wa 1911, Mholanzi F. W. Tiebackx alichapisha habari fupi ya kitu alichokiona: maji yenye jelatini na gundi ya mgunga, yakitiwa asidi ya siki, yanabadilika kuwa meupe na kujitenga. Kwa macho ya siku hizo ilikuwa ajabu ndogo. Jelatini ni protini inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa. Msingi wa kuielewa ajabu hiyo ulikuwa umeshaanza kuwekwa. Mholanzi mwingine, Gerardus Mulder, alikuwa amelipa kundi zima la vitu hivi jina la protini mwaka 1838. Mwingereza W. B. Hardy, mwishoni mwa karne ya 19, alionyesha kwamba protini husogea upande mmoja wa umeme maji yakiwa na uchachu na upande wa pili yakiwa ya alkali, na kwamba kati ya hapo pana mahali ambapo hazisogei kabisa. Mwaka 1909, Søren Sørensen wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, akaleta kipimo cha pH, na uchachu ukapata namba.

Kazi ya Tiebackx ilikaa karibu miaka 20 kabla ya kupata mwenyewe. H. G. Bungenberg de Jong, akiwa na mwalimu wake H. R. Kruyt, alilitangaza jambo hili mwaka 1929 kwa jina la koasevesheni, akaendelea kulichunguza Leiden kwa miongo mingi, na ndiye aliyelichambua hatua kwa hatua. Nataka kuzieleza hatua hizo polepole, kwa kuwa ndizo moyo wa habari yote, na kwa kuwa zinaweza kutazamwa kwa macho matupu katika bilauri.

Chukua maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, ili jelatini isigande. Yeyusha ndani yake jelatini kidogo na gundi ya mgunga kidogo. Maji yakiwa hayana uchachu wala alkali, bilauri ni angavu. Unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Gundi ina chaji hasi, inayotokana na asidi ya glukuroniki iliyomo katika minyororo yake. Sasa tia siki tone kwa tone, ukikoroga. Kwa muda hakuna kinachotokea. Ndani, hata hivyo, jelatini inazidi kuchukua chaji chanya kila tone linapoingia, na minyororo ya gundi inaanza kuisogelea. Vishikano vya kwanza ni vidogo mno, bado vinaelea. Kisha, karibu na pH 4 na nusu, bilauri inapauka ghafla. Weupe huo ni matone, maelfu kwa maelfu, yenye protini na gundi vilivyoshikana, na ndani yake bado mna maji mengi. Ukiacha kukoroga, matone yanaungana na kutua, na chini ya bilauri unapata tabaka zito linalovutika, lenye rangi ya manjano hafifu, chini ya maji ambayo sasa ni karibu matupu. Sukuma uchachu zaidi, chini ya pH 2.5 hivi, na weupe unaondoka: asidi imekuwa kali hata gundi nayo imepoteza chaji yake hasi, na jelatini imebaki bila wa kushikana naye. Tia alkali, na unaweza kurudi ulikotoka. Tia chumvi ya mezani kwa wingi wakati matone yamekwisha kuumbika, na yatayeyuka, kwa kuwa chembe za chumvi hujipanga kati ya wawili hao na kuzifunika chaji zao.

Hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo dutu mpya imezaliwa. Jelatini ni ileile, gundi ni ileile. Ulichobadilisha ni uchachu tu, ndani ya dirisha jembamba la namba mbili. Katika kemia nzima ya chakula sijui tukio jingine linaloonyesha kwa uwazi hivi nguvu ya kipimo cha pH.

Aleksandr Oparin wa Urusi alivutiwa na matone hayo kwa sababu nyingine. Alikuwa ametoa kijitabu kuhusu asili ya uhai mwaka 1924, na katika kitabu chake cha 1936 aliyachukua matone ya Bungenberg de Jong kuwa kielelezo cha chembe hai za kwanza: mifuko isiyo na ngozi iliyojitenga na bahari ya kale, ikafyonza vitu na kukua. Wanabiolojia wengi waliiacha fikra hiyo ilipodhihirika kwamba uhai unahitaji vinasaba. Mwaka 2009 Clifford Brangwynne na Anthony Hyman, wakifanya kazi Dresden, walionyesha kwamba ndani ya seli za mnyoo mdogo mna matone ya namna hiyo, ya protini na RNA, yanayoungana na kutiririka kama kimiminika. Matone yakarudi kwa heshima.

Biashara ilikuwa imeshayatumia zamani. Katika miaka ya 1950 kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Ohio, kwa kazi ya Barrett Green na Lowell Schleicher, ilitengeneza karatasi ya nakala isiyohitaji karatasi ya kaboni. Walichukua mafuta yenye rangi isiyoonekana, wakayavunja kuwa matone madogo ndani ya maji ya jelatini na gundi ya mgunga, wakateremsha pH. Mchanganyiko wa protini na gundi ukajitenga na maji na kujivika juu ya kila tone la mafuta. Wakaupoza ukaganda, wakaukaza kwa dawa, na wakapata vidonge vidogo mno vya kupakwa mgongoni mwa karatasi. Kalamu inapokandamiza, vidonge vinapasuka, rangi inateremka kwenye karatasi ya chini iliyopakwa udongo mchachu, na uchachu huo ndio unaoifanya ionekane. Kwa hiyo asidi ilikuwa kazini mara mbili, mara ya kwanza kuumba kidonge na mara ya pili kuandika. Karatasi za nakala za namna hii zikaenea duniani kote katika vitabu vya risiti na hati za mizigo. Mkulima aliyepewa nakala ya pili ya risiti ya mazao yake katika miongo ile huenda alishika mkononi kitu kilichotengenezwa kwa gundi ya mti unaoota katika nyika anayoiona kila siku, bila mtu kumwambia.

Hilo linanigusa. Gundi inaondoka kwetu ikiwa matone katika gunia na inarudi ikiwa imefichwa ndani ya soda, dawa, peremende na karatasi. Tanzania hukusanya gundi hasa katika mikoa ya kati kama Singida; Kenya inaipata Isiolo, Samburu, Marsabit na Turkana. Mkomazi haiwezi kuhesabiwa: ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, wafugaji wakaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa ni hifadhi ya taifa ambamo hakuna ruhusa ya kuvuna mazao ya miti. Migunga ipo, matone yanatoka kiangazi kikiwa kikali, na yanaanguka.

Zanzibar ilikwenda njia tofauti, na gundi yake ni ya baharini. Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyesomea mwani Hawaii, aliandika tangu miaka ya 1970 kwamba pwani ya Tanzania ina utajiri huo. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, na hakikuchukua muda kikawa kazi ya wanawake. Mwani huo hutoa karajinani, gundi yenye chaji hasi kali kuliko ya mgunga kwa sababu chaji yake hutokana na salfati. Kwa nguvu hiyo karajinani haisubiri uchachu. Inashika kaseini hata katika maziwa yasiyochacha, kwa kuwa sehemu moja ya kaseini ina kiraka cha chaji chanya ijapokuwa kidonge kizima ni hasi. Sehemu mbili au tatu katika elfu kumi zinatosha kuzuia kakao isitue chini ya maziwa ya chokoleti. Mwanamke wa Jambiani anayefunga mwani kwenye kamba wakati maji yamekupwa anauza kilo zilizokaushwa juani; karajinani inatolewa kiwandani ng'ambo. Zimepita zaidi ya miaka 30, na bado sehemu kubwa ya thamani inatengenezwa kule.

Nirudi Mamba. Zao linalotajwa kwanza leo ukitaja Mamba ni tangawizi. Inapandwa kwenye miteremko inayonyweshwa kwa mifereji, inakaa ardhini miezi minane hadi kumi, inachimbwa, inaoshwa, inapakiwa kwenye viroba na kuteremshwa kwenda masoko ya mijini. Wakulima walijiunga katika chama cha ushirika cha Mamba Miamba na kujenga kiwanda cha kuisindika, jambo ambalo Anne Kilango Malecela alilipigania sana akiwa mbunge wa Same Mashariki. Na kwa kuwa Wasabato wengi hujiepusha na majani ya chai na kahawa, kwenye nyumba zao kikombe cha asubuhi kinaweza kuwa tangawizi na maziwa pasipo majani ya chai kabisa.

Kila mpishi wa chai hiyo anaujua mtego wake: ukitia tangawizi mbichi iliyopondwa ndani ya maziwa ya moto, maziwa yanakatika. Wengi husema tangawizi ina asidi. Ina kidogo sana. Juisi yake iko karibu na pH 6, haiwezi kuyafikisha maziwa kwenye 4.6. Sababu ni kimeng'enya kiitwacho zinjibaini, ambacho wataalamu walikieleza mwaka 1973 kuwa mkata protini. Vidonge vya kaseini vimefunikwa na nywele za protini zenye chaji hasi, ndizo zinazovizuia visigusane. Asidi huziondolea chaji nywele hizo, zinjibaini huzinyoa. Matokeo yanafanana, njia ni mbili. Ndiyo maana tangawizi ikichemshwa kwanza kwenye maji, kisha maziwa yakafuata, hakuna kinachokatika: moto umekwisha kukiharibu kimeng'enya. Kule Guangdong, kusini mwa China, watu waliugeuza mtego kuwa chakula. Humimina maziwa yenye joto la nyuzi 70 hivi juu ya juisi mbichi ya tangawizi na kuyaacha yagande laini ndani ya bakuli. Mafundi wa kukatisha maziwa na mafundi wa kuyazuia yasikatike wanashika kitu kimoja kwa ncha mbili.

Kiwanda chochote cha tangawizi kina shida nyingine. Harufu ya tangawizi imo katika mafuta yake, na mafuta hayo huruka. Ukaushaji unayapunguza, na unga uliokaa dukani miezi mingi unabakiwa na ukali kuliko harufu. Hapa ndipo bilauri ya Leiden inapoweza kufika Mamba. Watafiti wa nchi kadhaa wamekwisha kuyafungia mafuta ya tangawizi ndani ya vidonge vya protini na gundi kwa njia ya uchachu, ileile iliyotumika kwenye karatasi za nakala: harufu inakaa ndani hadi maji ya moto au mate yaifungue. Kwa chakula, ukazaji haufanywi kwa dawa kali za karatasi; tanini za mimea na vimeng'enya salama vinatumika.

Lipo swali la protini, nalo linafungamana na historia ya Giti. Jelatini inayoshikana na gundi ya mgunga vizuri kuliko nyingine ni ile inayotengenezwa kwa asidi, kwa kuwa hubaki na chaji chanya katika eneo pana la pH, na jelatini hiyo kwa kawaida hutoka ngozi ya nguruwe. Wasabato wa Upare hawali nguruwe, na Waislamu wa Upare hawali nguruwe. Bidhaa yenye jelatini hiyo isingeliwa hata na waliolima tangawizi yake. Jelatini ya ng'ombe au ya samaki inawezekana, lakini mbadala ulio karibu zaidi ni maji ya maziwa, yale ya kijani hafifu yanayobaki mtindi ukichujwa au jibini ikitengenezwa. Yana protini ambazo hazigandi pamoja na kaseini. Wafaransa wa Nancy na Waholanzi walizichunguza pamoja na gundi ya mgunga kuanzia miaka ya 1990, wakakuta zinashikana vizuri zaidi karibu na pH 4, kwa sehemu mbili za protini kwa moja ya gundi, na kwamba chumvi ikizidi kidogo tu zinaachana.

Maji ya mtindi uliochacha sawasawa tayari yako karibu na 4.5. Mengi humwagwa au hupewa ndama. Kuyafikisha 4 kunahitaji asidi kidogo, ndimu ikiwa hakuna kingine. Kuyapunguzia chumvi zake za asili kunahitaji kichujio maalumu, na hicho ndicho kifaa kimoja ambacho si cha jikoni. Gundi ingetoka Singida kwa lori, au katika migunga ya vijiji vya tambarare vilivyo nje ya mipaka ya hifadhi, mahali ambapo kuchanja mti kiangazi hakuhitaji kibali cha mbuga.